Ni Nani Waliotuletea Neno? Habari za Kazi ya Askofu Bengt Sundkler

Naandika kutoka Igowole, katika nchi ya Mufindi, ambako katika miezi ya Juni na Julai ukungu hulala juu ya mashamba ya chai hata jua lipande sana, na watoto huingia darasani wamejikunyata kwa baridi. Siku moja ya baridi namna hiyo naliwauliza wanafunzi wangu swali ambalo nalidhani ni jepesi: “Ni nani waliolileta Neno la Mungu katika nchi yetu?” Darasa zima likajibu kwa sauti moja, “Wazungu!” Nikageuka ili niandike jibu hilo ubaoni, nikaendelee na somo. Lakini kijana mmoja aliyeketi nyuma akainua mkono, akasema, “Mwalimu, kaka yangu asema kwamba ikiwa ni hivyo, dini hii ni mali ya wageni, nasi tunaivaa kama mtu aliyeazima nguo. Je, ni kweli?”

Naliweka chaki mezani, kwa maana sikuwa na jibu lililo tayari. Nalimwambia kwamba nitamjibu baadaye. Jibu hilo lilinigharimu miezi mingi ya kusoma na kuuliza, nalo ndilo nitakalo kuwaeleza leo. Msaada mkubwa naliupata katika vitabu vya mtu mmoja, mwanachuoni wa elimu ya dini, aliyetumia maisha yake yote kuuliza swali lile lile nililowauliza watoto. Jina lake ni Bengt Sundkler.

Mtu mwenyewe

Bengt Sundkler alizaliwa mwaka 1909 katika sehemu za kaskazini za Uswidi, nchi ya misitu na theluji. Alisoma elimu ya dini katika Chuo Kikuu cha Uppsala, akapata shahada ya udaktari mwaka 1937 kwa kitabu kilichoeleza habari za kazi ya misioni ya watu wa kwao. Likumbukeni jambo hili, kwa kuwa lina maana mbele: yeye naye alianza kama walivyoanza wengine wengi, kwa kuandika habari za Wazungu waliotuma na Wazungu waliotumwa.

Mwaka ule ule akasafiri kwenda Afrika ya Kusini, akafanya kazi ya misioni kati ya Wazulu. Mwaka 1942 akahamia Bukoba, katika nchi iliyoitwa wakati ule Tanganyika, akakaa huko hata mwaka 1945. Sababu ya kuhama kwake twaijua vema sisi wa Nyanda za Juu, maana sababu hiyo hiyo ilituletea sisi nasi Waswidi. Vita vikuu vya pili vilipoanza mwaka 1939, Wadachi, yaani Wajerumani, waliokuwa wakitunza makanisa ya Kilutheri walikamatwa na serikali ya Waingereza, wakaondolewa. Ndipo Walutheri wa Uswidi na wa Marekani walipoombwa kuja kusaidia makundi yaliyoachwa. Sundkler alikuwa mmoja wa hao waliokuja.

Baada ya vita alirudi kwao, na tangu mwaka 1949 hata mwaka 1974 alikuwa profesa wa historia ya Kanisa huko Uppsala. Lakini katikati ya miaka hiyo Bukoba ilimwita tena. Mwaka 1961 aliwekwa kuwa askofu wa Kanisa la Kilutheri huko, na mwaka 1964 alimwachia kazi Josiah Kibira, Mhaya, aliyezaliwa mwaka 1925. Kibira huyo ndiye aliyechaguliwa mwaka 1977, katika mkutano uliokutana Dar es Salaam, kuwa Mwafrika wa kwanza kuongoza Shirikisho la Makanisa ya Kilutheri Ulimwenguni. Sundkler alifariki mwaka 1995, akiwa na umri wa miaka 85.

Kitabu cha kwanza, na jinsi alivyojisahihisha

Alipokuwa kati ya Wazulu, Sundkler aliona jambo ambalo wamisionari wengi hawakupenda kulitazama. Kulikuwa na mamia ya makanisa ambayo Waafrika wenyewe waliyaanzisha, bila Mzungu hata mmoja. Baadhi yao walijiita Waethiopia, kwa kuwa nchi ya Ethiopia imetajwa katika Maandiko Matakatifu, nayo ilikuwa nchi ya Kikristo isiyotawaliwa na Wazungu. Wengine walijiita Wasayuni. Hao walivaa kanzu nyeupe, wakabatiza katika mito, wakawaombea wagonjwa na kusimulia ndoto zao. Wamisionari wengi waliwacheka, au waliwakemea. Sundkler aliketi nao. Alikwenda ibadani mwao, akawauliza manabii wao habari za maisha yao, akaandika.

Mwaka 1948 akatoa kitabu juu ya manabii hao wa Afrika ya Kusini, nacho kikasomwa mahali pengi duniani. Katika kitabu hicho alionyesha kwamba makanisa hayo hayakuzaliwa kwa ukaidi tu. Alitaja sheria ya ardhi ya mwaka 1913, iliyowanyima Waafrika haki ya kununua mashamba katika sehemu kubwa ya nchi yao wenyewe. Alitaja pia ubaguzi wa rangi, uliomfanya mchungaji mweusi kuwa mdogo siku zote mbele ya mchungaji mweupe, hata katika nyumba ya Mungu. Mtu aliyenyimwa shamba na heshima alitafuta mahali pa kusimama awe mtu, akapapata katika kanisa lake mwenyewe. Maneno hayo, ndugu zangu, kuandikwa na mmisionari Mzungu katika mwaka ule, hayakuwa maneno mepesi.

Walakini katika kitabu hicho hicho alitoa hukumu nyingine. Alisema kwamba baadhi ya makanisa hayo ya manabii yalikuwa kama daraja la kuwarudisha watu katika upagani walikotoka. Hukumu hiyo ikashikwa na wengi, ikanukuliwa huku na huku. Na kwa wale waliopenda kuwadharau Waafrika ikawa silaha.

Basi Sundkler alifanya nini? Angeweza kunyamaza, maana sifa ya kitabu ilikuwa imekwisha kuenea. Lakini aliendelea kuuliza na kusikiliza. Mwaka 1961 kitabu kilipopigwa chapa mara ya pili, aliongeza sura, akapunguza ukali wa neno lake la kwanza. Na mwaka 1976 alitoa kitabu kingine juu ya Wasayuni wa Kizulu na wa Swazi, akaeleza kwa upana zaidi jinsi watu hao walivyolipokea Neno na kuliishi. Alipomtazama tena Isaiah Shembe, nabii mkuu wa Wazulu aliyekufa mwaka 1935, alimtazama kwa heshima kubwa kuliko kwanza. Aliungama mbele ya watu wote kwamba alikuwa amehukumu upesi.

Mimi mwalimu husahihisha madaftari ya watoto kila siku, lakini ni mara chache nimemwona mtu mzima, tena mwenye jina kubwa, akilisahihisha daftari lake mwenyewe kwa wino mwekundu. Kwa ajili ya jambo hilo peke yake nalianza kumwamini Sundkler kama mwandishi wa historia.

Bukoba: wasomaji waliotangulia wamisionari

Sasa twende Bukoba, katika nchi yetu. Mwaka 1980 Sundkler alitoa kitabu kinachoitwa “Bara Bukoba”, nacho ni habari za Kanisa na watu wa Buhaya. Mtu akiuliza ni lini Walutheri walianza kazi huko, jibu la kawaida ni mwaka 1910, maana ndipo wamisionari wa Betheli, Wadachi, walipofika. Lakini Sundkler aliketi na wazee wa Kihaya, wakamsimulia yaliyokuwa kabla ya mwaka huo.

Walisema kwamba vijana wa Kihaya walikwenda Buganda kwa kazi na biashara. Huko waliona jambo la ajabu: watu weusi kama wao wakiwa na vitabu mikononi, wakisoma. Mtu aliyejifunza kusoma na aliyejifunza dini aliitwa kwa neno moja tu, msomaji. Vijana hao wakajifunza kwa Waganda wenzao, wakarudi kwao na vitabu vya Kiganda, wakawakusanya jamaa na rafiki zao kidogo kidogo katika nyumba zao, wakasoma. Basi wamisionari wa Betheli walipofika hawakukuta shamba tupu. Walikuta mbegu imekwisha kuota, na waliopanda walikuwa Waafrika.

Vita vikuu vya kwanza vilipowaondoa Wadachi Bukoba mwaka 1916, kundi lile lilibaki bila mchungaji wa kwao. Je, lilitawanyika? La. Wenyeji walisimama wakaongoza ibada, wakafundisha, wakazika wafu. Mmoja wao alikuwa Andrea Kajerero, aliyebarikiwa baadaye kuwa mchungaji. Wakati wa shida ndipo ilipoonekana nyumba imejengwa na nani.

Josiah Kibira naye hakuridhika kusoma tu yale yaliyoandikwa na mwalimu wake. Mwaka 1974 alitoa kitabu chake mwenyewe, akachunguza jinsi ukoo wa Kihaya na ushirika wa Kanisa vilivyokutana na kugombana. Hivyo kazi ilipita kutoka mkono wa mgeni hata mkono wa mwenyeji, kama fimbo ya kiaskofu ilivyopita mwaka 1964.

Kitabu kikubwa

Kitabu kikubwa kuliko vyote Sundkler hakukiona kikitoka. Alikifanyia kazi miaka mingi, na alipofariki msaidizi wake Christopher Steed akakimalizia. Kikapigwa chapa mwaka 2000 na Chuo Kikuu cha Cambridge huko Uingereza. Ni historia ya Kanisa katika Afrika yote, nacho kina kurasa zaidi ya 1,200. Nalikiazima katika maktaba ya chuo kimoja, nikakibeba mfukoni mwa begi kama mtu aliyebeba tofali, nikakisoma usiku kwa muda wa miezi.

Kitabu hicho hakianzi na meli za Wazungu. Chaanza Misri, katika mji wa Aleksandria, na katika nchi za kaskazini, ambako Perpetua na Felista walikufa kwa ajili ya imani mjini Karthago mwaka 203, na ambako Augustino alikuwa askofu wa mji wa Hippo hata akafa mwaka 430. Chaendelea Uhabeshi, ambako mfalme Ezana aliipokea imani katika karne ya nne, na Nubia, ambako wafalme waliipokea katika karne ya sita. Wakati huo, ndugu zangu, watu wa Uswidi walikuwa bado wanaabudu miungu yao. Walikaa karne nyingi kabla ya kubatizwa. Mswidi mwenyewe aliyajua hayo alipoandika.

Kisha kitabu chashuka hata Kongo, ambako mfalme Nzinga Nkuvu alibatizwa mwaka 1491, na mwanawe Afonso akaishika imani kwa nguvu kuliko baba yake, ingawa biashara ya watumwa ya Wareno iliiharibu nchi yake. Hapo mwandishi hafichi: walioleta msalaba walikuja katika meli zile zile zilizochukua watu kwa minyororo.

Lakini sehemu iliyonifanya niache kusoma na kutafakari ni ile ya karne ya 19. Sundkler aliuliza: Ni nani aliyetembea? Ni nani aliyechukua kitabu kutoka kijiji hata kijiji? Naye akajibu kwamba katika mahali pengi walikuwa watu wasiotazamiwa: watumwa waliowekwa huru, wakimbizi, vijana waliokwenda mbali kutafuta kazi, wapagazi, na wanawake. Nitataja mifano michache.

Mwaka 1792 watu weusi zaidi ya elfu moja, waliokuwa watumwa Marekani wakapata uhuru, walivuka bahari kutoka Nova Scotia wakashuka Sierra Leone. Hawakungoja mmisionari, walishuka na wahubiri wao na makanisa yao tayari. Katika nchi hiyo hiyo alilelewa na kusoma Samuel Ajayi Crowther, Myoruba aliyeokolewa katika meli ya watumwa, ambaye mwaka 1864 aliwekwa kuwa askofu.

Ng'ambo ya Ziwa Nyasa, Waskoti wa Livingstonia walisaidiwa na William Koyi, Mxhosa kutoka Lovedale katika Afrika ya Kusini, aliyefika mwaka 1876. Lugha ya Wangoni ilikuwa karibu na yake, akaweza kusema nao kama ndugu pale ambapo Mzungu alihitaji mkalimani. Alikaa nao katika hatari hata akafa mwaka 1886.

Unguja, mtoto wa Kiyao aliyeokolewa katika utumwa alisomeshwa na Wamisioni wa Vyuo Vikuu. Jina lake ni Cecil Majaliwa. Mwaka 1890 akawa kasisi, Mwafrika wa kwanza wa misioni ile kupewa daraja hiyo, akafanya kazi Chitangali katika nchi ya kusini. Alirudi kuwahubiri watu wa kabila lake katika nchi ile ile ambamo njia ya watumwa ilipita.

Na Uganda alitoka Apolo Kivebulaya. Mwaka 1896 alivuka akaenda Mboga, karibu na msitu mkubwa wa Kongo. Alipigwa, akafungwa, akarudi tena. Alifundisha, hata watu wa msituni, wale Wambuti, wakamjua. Alifariki huko mwaka 1933. Hakuna aliyemlazimisha kwenda, wala hakuwa na serikali nyuma yake.

Nchi yetu ya Nyanda za Juu

Msomaji ataniuliza, “Hayo ni ya Bukoba na Kongo. Sisi je?” Swali ni la haki. Twajua kwamba mwaka 1891 misioni mbili zilifika Unyakyusa kwa njia ya Ziwa Nyasa: Wamoraviani pamoja na Theodor Meyer, waliojenga Rungwe, na watu wa Misioni ya Berlin wakiongozwa na Alexander Merensky. Kutoka huko Waberlin wakapanda milima ya Ukinga, wakaingia Ubena, wakafika hata Uhehe. Mwanamke mmoja mwanahistoria wa Marekani, Marcia Wright, aliandika habari hizo katika kitabu kilichotoka mwaka 1971, akieleza misioni za Wadachi katika Nyanda zetu za Juu tangu mwaka 1891 hata mwaka 1941.

Sasa yatazameni mambo hayo kwa macho ya Sundkler. Wamisionari walikuwa wachache; kituo kimoja kilitazama nchi ya mwendo wa siku nyingi. Ni nani aliyekaa kijijini Jumatatu hata Jumamosi? Ni nani aliyewafundisha watoto a, e, i, o, u chini ya mti, kwa mshahara usiotosha kununua nguo? Ni mwalimu mwenyeji na mkewe. Vita vilipofika nchi hii mwaka 1916 Wadachi waliondolewa, na walianza kurudi katikati ya miaka ya 1920 tu. Katika miaka hiyo Waskoti wa Livingstonia walivuka kuja kuyaangalia makundi, lakini nao walikuwa wachache mno. Mwaka 1940 Wadachi walikuwa wameondolewa tena. Basi mara mbili katika muda wa miaka 25 Kanisa letu lilinyang'anywa wageni wake, na mara mbili halikufa. Mtoto aliyeachwa na mlezi wake mara mbili, naye akaendelea kukua, ni wazi kwamba kulikuwa na mama ndani ya nyumba.

Tena sisi wa Mufindi tuna habari yetu. Mashamba ya chai yalipoanza kupandwa hapa, watu walikuja kutafuta kazi kutoka Ubena, Ukinga na kwingineko. Walikuja na majembe na mablanketi yao. Wengine walikuja na kitabu cha nyimbo kilichofungwa katika kitambaa. Hao ndio watu wa namna ile aliyoandika Sundkler, wafanyakazi wa safari ambao hakuna chama kilichowatuma.

Mtu asije akafikiri kwamba nawadharau wamisionari. Walijifunza lugha zetu, wakaziandika, wakatibu wagonjwa, na wengi wao na watoto wao walizikwa hapa kwa homa. Kuwasahau kungekuwa utovu wa shukrani. Lakini kuna utovu mwingine wa shukrani, nao ni kuwasahau wa kwetu. Wamisionari waliandika barua na taarifa kwa wakubwa wao Ulaya; kwa hiyo majina yao yamehifadhiwa. Mwalimu wa kijijini hakuwa na wa kumwandikia. Mali bila daftari hupotea bila habari, na ndivyo ilivyompata yeye.

Wala Sundkler hawezi kutumalizia kazi hii. Kitabu cha bara zima hakina budi kupita upesi katika kijiji kimoja. Tena kimeandikwa kwa Kiingereza, na bei yake ni kubwa kuliko mfuko wa mkulima. Ametuonyesha njia ya kuuliza. Kuuliza kwenyewe ni juu yetu.

Daftari la babu yangu

Hapa sina budi kuungama kosa langu. Babu yangu mzaa baba alikuwa mwalimu wa kanisa. Alikuwa na daftari lenye jalada jeusi, ambamo aliandika majina ya watu aliowafundisha, siku za ubatizo, na habari za safari zake kwa miguu. Nilipokuwa darasa la sita alifariki. Baada ya matanga wakubwa walisafisha nyumba, wakaniambia nichome takataka. Katika sanduku lake palikuwa na karatasi zilizoliwa na mchwa, na daftari lile likiwa katikati. Kando zake zilikuwa zimeharibika, lakini katikati maandishi yalisomeka. Mimi nilikuwa nimejua kusoma. Nalifungua ukurasa mmoja, nikaona majina, nikaona ni majina ya wazee nisiowajua, nikalitupa motoni. Hakuna aliyenizuia, wala hakuna aliyejua thamani yake, nami wa kwanza.

Leo, nikiulizwa ni nani aliyemfundisha babu yangu, sijui. Jibu lilikuwa mkononi mwangu.

Kwa hiyo, niliporudi darasani, sikumjibu kijana yule kwa maneno. Naliwapa watoto wote kazi: kila mmoja aende kwa mzee kuliko wote katika ukoo wake, amwulize ni nani aliyemfundisha kusoma na kusali, au ni nani aliyemfundisha baba yake. Walirudi na habari nyingi. Mmoja alisema kwamba babu wa babu yake alijifunza herufi kwa mfanyakazi mwenzake wa chai, mtu wa Ukinga, jioni kando ya moto. Mwingine alisema kwamba bibi yake alifundishwa na mke wa mwalimu, walipokuwa wakitwanga mahindi pamoja. Wengine walileta habari zisizopatana, hata wakagombana. Lakini hapakuwa na ukoo hata mmoja uliotaja Mzungu kuwa ndiye aliyefika kwanza mlangoni mwao. Mzungu alitajwa, naam, siku ya ubatizo. Aliyefundisha kabla ya siku ile alikuwa Mwafrika mwenzao.

Yatupasayo kufanya

Ndugu wasomaji, kazi hii haihitaji shahada ya chuo kikuu. Luka mwenyewe, kabla ya kumwandikia Theofilo, aliwatafuta walioona kwa macho, akachunguza yote kwa taratibu. Nasi tufanye hivi:

Kwanza, mwendeeni mzee mapema, wala msingoje augue. Mwandike jina lake, mahali alipozaliwa, na nani aliyemfundisha. Asipojua mwaka, mwulizeni kama ilikuwa kabla au baada ya njaa fulani, ya nzige, au ya vita.

Pili, waulizeni wanawake. Wanaume hukumbuka mikutano na vyeo. Wanawake hukumbuka ni nani aliyekuja wakati wa msiba.

Tatu, waulizeni hata waliotoka katika Kanisa letu wakaenda kwingine. Sundkler alijifunza mengi kwa watu ambao wenzake waliwakemea. Na wazee wawili wakitofautiana, yaandikeni maneno ya wote wawili, wala msiwapatanishe kwa nguvu.

Nne, andikeni nakala mbili. Moja iwekwe kanisani, na moja shuleni, katika sanduku la bati lisiloingia mchwa.

Tano, mkiona mmekosea, jisahihisheni wazi, kama alivyofanya yeye.

Kijana yule wa nyuma alinijia baada ya vipindi, akauliza sasa amwambie nini kaka yake. Nalimwambia, “Mwambie hii si nguo ya kuazima. Babu zetu waliilipia, tena kwa bei kubwa, wakatuachia. Na kama hasadiki, mlete Jumamosi. Kuna mzee mmoja upande wa juu ambaye bado hatujamwuliza, naye ana miaka mingi.”

Walikuja wote wawili, kaka na mdogo wake. Kaka ndiye aliyeshika kalamu.

Mimi ndugu yenu,
Mwalimu wa shule, Igowole